Uzima wa Mtoto: Wasifu wa Padre Angelo D'Agostino wa Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii hukaririwa na kila mwanafunzi tangu shule ya msingi, lakini uzito wake hubainika zaidi pale ambapo hakuna hata huo mkono mmoja uliobaki. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wachanga walioachwa katika hospitali na vituo vya Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kupimwa na kuonekana kuwa na virusi vya Ukimwi. Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya mtu aliyejitwika jukumu la kuwatafutia watoto hao mikono ya kuwalea, yaani Padre Angelo D'Agostino, mwasisi wa makao ya Nyumbani yaliyoko Karen, kando ya barabara ya Dagoretti. Ni takribani miongo miwili sasa tangu afariki, na wengi wa wanafunzi wanaosoma jarida hili walikuwa wadogo mno, au hawakuwa wamezaliwa, wakati jina lake liliposikika mara kwa mara katika taarifa za habari.

Kabla ya kuingia katika masimulizi yenyewe, inafaa tulitazame neno moja ambalo litatuongoza. Katika Kiswahili, tukitaka kumjulia mtu hali humuuliza kama yu mzima. Neno hilo hilo hutumika kwa kitu ambacho hakikupasuka wala kukatwa, mathalani mkate mzima au siku nzima. Hutumika pia kwa aliye hai, kinyume cha maiti. Aidha, huongezwa kwenye neno mtu tukapata mtu mzima, yaani yule aliyepita utoto. Kwa hiyo uzima katika lugha yetu ni afya, ni ukamilifu, ni uhai, na ni ukomavu. Wataalamu wa siku hizi huzungumzia tiba inayomtazama mtoto kwa jumla, mwili wake, akili yake, roho yake na jamii yake, kana kwamba wamegundua jambo jipya. Mswahili alikwisha kuliweka wazo hilo ndani ya neno moja tangu kale. Maisha ya Padre D'Agostino yanaweza kusomwa kama safari kutoka maana moja ya neno hilo hadi nyingine.

Kuzaliwa na Elimu

Angelo D'Agostino alizaliwa tarehe 26 Januari 1926 katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani, katika familia yenye asili ya Italia. Alisomea shahada ya kwanza katika Chuo cha St. Michael's huko Vermont, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Tufts alikohitimu udaktari mwaka 1949. Alijifunza upasuaji na akahudumu katika Jeshi la Anga la Marekani akiwa daktari. Kwa kijana wa rika lake, hiyo ilikuwa njia iliyonyooka kuelekea maisha ya starehe na heshima.

Hata hivyo, mwaka 1955 aliacha njia hiyo akajiunga na Shirika la Yesu, ambalo wafuasi wake hujulikana kama Wajesuiti. Alipadirishwa mwaka 1966. Wakuu wake hawakutaka taaluma yake ipotee, naye hakutaka kurudi kwenye kisu cha upasuaji. Akageukia magonjwa ya akili, na akafuzu pia katika uchanganuzi wa nafsi, fani ambayo wakati ule ilitazamwa kwa jicho la shaka na viongozi wengi wa dini. Kwa muda mrefu alifundisha na kutibu mjini Washington.

Hatua hizi tatu zina umuhimu katika kumwelewa. Daktari wa upasuaji hushughulika na kiungo, daktari wa akili hushughulika na mawazo na hisia, na kasisi hushughulika na roho. Ni nadra kazi hizo tatu kukutana katika mtu mmoja. Alipofika Nairobi na kukutana na mtoto mgonjwa aliyetelekezwa, hakumwona kama mapafu yaliyoshambuliwa na nimonia peke yake, wala kama nafsi ya kubatizwa peke yake, bali alimwona mzima, kwa maana ile ya pili ya neno letu.

Kuja Afrika Mashariki

Mwaka 1980, Padre Pedro Arrupe, aliyekuwa mkuu wa Wajesuiti duniani, alianzisha huduma maalumu ya shirika hilo kwa wakimbizi. D'Agostino alikuwa miongoni mwa waliotumwa katika siku za mwanzo. Alikwenda kwanza Thailand, ambako wakimbizi wa Indochina walikuwa wamejaa kambini, kisha akahamishiwa kanda ya Afrika Mashariki, Nairobi ikiwa makao yake. Huko kambini alijifunza somo ambalo lingemfaa baadaye, kwamba binadamu aliyepoteza makwao huugua hata pale ambapo vipimo vya damu havionyeshi ugonjwa wowote.

Ukimwi ulikuwa umekwisha kutambuliwa nchini Kenya tangu mwaka 1984. Mwongo ule wa kwanza ulitawaliwa na hofu, ukimya na matumaini ya haraka. Itakumbukwa kwamba mwaka 1990 dawa iliyoitwa Kemron, iliyotokana na utafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, ilizinduliwa kwa shangwe kubwa, lakini utafiti uliofuata haukuthibitisha matarajio hayo. Serikali ilikuja kuutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999, miaka kumi na mitano baada ya kisa cha kwanza.

Lugha nayo ilikuwa na mchango wake, na hili ni jambo linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Tafsida na sitiari nyingi zilizobuniwa na watu kuutaja ugonjwa huu zilimlaumu mgonjwa. Tukichukua mfano wa msemo wa kukanyaga waya, uliotumika sana Tanzania, tunaona kwamba mgonjwa anasawiriwa kama mtu aliyetembea ovyo akaponzwa na miguu yake mwenyewe. Lakini mtoto mchanga, ambaye hata kutambaa hajaanza, alikanyaga waya gani? Msamiati wa jamii haukuwa na nafasi kwa mtoto huyo, na makao mengi ya watoto hayakuwa na nafasi kwake pia. Hata fasihi andishi ilichelewa. Riwaya kama Ua la Faraja ya William Mkufya, iliyochapishwa mwaka 2004, zilijitokeza wakati makaburi yalikuwa yamekwisha kujaa.

Kuasisiwa kwa Nyumbani

Padre D'Agostino alikuwa akishiriki katika uongozi wa makao ya watoto jijini Nairobi alipoona tatizo hili kwa karibu. Makao yalipokea watoto walioachwa, lakini wale waliopatikana na virusi hawakuwa na pa kupelekwa. Alipoona kwamba hakuna taasisi iliyokuwa tayari kuwapokea, aliamua kuianzisha yeye mwenyewe, akishirikiana na Sista Mary Owens, mtawa wa Loreto kutoka Ireland ambaye alikuwa ameishi na kufanya kazi Kenya kwa miaka mingi. Tarehe 8 Septemba 1992 makao ya Nyumbani yalifunguliwa yakiwa na watoto watatu. Padre alikuwa na umri wa miaka 66, umri ambao watumishi wengi huwa wamekwisha kustaafu.

Jina lenyewe linastahili kuzingatiwa. Waasisi hawakuchagua neno makao, wala kituo, wala hospitali. Walichukua nomino nyumba wakaambatisha kiambishi cha mahali -ni, wakapata neno ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili hulihusisha na mama, moto wa jikoni na kulala bila hofu. Nyumbani ni nyumbani, ijapokuwa pangoni, ndivyo tusemavyo. Mpangilio wa mahali hapo ulijaribu kulitimiza jina hilo. Watoto hawakulazwa katika bweni moja refu kama wodi, bali waligawanywa katika nyumba ndogo ndogo, kila nyumba ikiwa na mama mlezi, na wa umri tofauti wakiishi pamoja kama ndugu.

Katika miaka ya mwanzo hapakuwa na dawa za kupunguza makali ya virusi kwa watoto maskini. Kilichowezekana kilikuwa lishe bora, usafi, chanjo, kutibu mapema kifua kikuu, nimonia, kuhara na utando mweupe wa kinywani, pamoja na kumkumbatia mtoto ambaye wengi waliogopa kumgusa. Watoto wengi walikufa, lakini walikufa wakiwa na jina, kitanda na mtu wa kuwalilia. Wapo waliouliza faida ya kutumia fedha kwa mtoto ambaye atakufa tu. Swali hilo lilimtazama mtoto kwa kipimo cha siku za usoni peke yake, ilhali Padre alimtazama kwa kipimo cha siku aliyo nayo.

Jambo moja la kitaalamu lilileta nuru. Mtoto mchanga huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake, na vipimo vya kawaida vya wakati ule vilitambua kingamwili hizo wala si virusi vyenyewe. Kwa hiyo kila mtoto wa mama mwenye virusi alionekana kuwa ameambukizwa, hata kama hakuambukizwa. Kingamwili za mama hufifia kadiri mtoto anavyokua, na kufikia umri wa miezi 18 hivi huwa zimetoweka. Hata bila kinga yoyote ya kidawa, watoto wengi wa akina mama wenye virusi hawaambukizwi. Hii ina maana kwamba sehemu kubwa ya watoto waliotelekezwa kwa sababu ya majibu ya maabara hawakuwa na virusi kamwe. Nyumbani iliwapokea, ikawalisha, ikasubiri, na waliobainika kuwa hawana virusi wakatafutiwa familia. Baadaye makao yalijenga maabara yake ili kufuatilia kwa ukaribu hali ya kinga ya watoto. Hapa subira ilikuwa tiba kamili.

Kutoka Uani hadi Mitaani

Ingawa makao yalisifiwa, yalikuwa na kikomo kilichoonekana wazi. Nyumba za Karen zingeweza kupokea watoto wapatao mia moja, ilhali ng'ambo kidogo tu, katika vyumba vya mabati vya Kawangware, Kangemi na Dagoretti, kulikuwa na maelfu waliokuwa wakiugua chini ya uangalizi wa mama mgonjwa, shangazi au nyanya. Kumwondoa kila mtoto kwao na kumleta Karen hakungewezekana, na hata kama kungewezekana, hakungekuwa kwa manufaa yake.

Ndipo mwaka 1998 ulipoanzishwa mpango wa Lea Toto, ambao jina lake limeundwa kwa Kiswahili cha mitaani cha Nairobi, kile kinachodondosha kiambishi cha ngeli bila kuomba radhi. Mpango huo ulianzia Kangemi, kisha ukaenea Kawangware, Dagoretti, Kibera na mitaa mingine ya mashariki mwa jiji. Badala ya kumpeleka mtoto kwenye huduma, huduma ilimfuata mtoto. Wahudumu wa jamii walimtembelea nyumbani, wakampima uzito, wakamfundisha mlezi namna ya kumpa dawa, wakaleta chakula, wakaketi na mama kumsikiliza. Tunaweza kusema kwamba hapa ndipo falsafa ya Padre ilipokomaa. Mtoto hawezi kuwa mzima ikiwa mama yake amelala njaa, au ikiwa jirani anamkataza mwanawe kucheza naye. Dawa humezwa na mtoto, lakini hushikwa na mkono wa mlezi, hupimwa kwa saa iliyo ukutani mwa jirani, na huhitaji chakula kilichonunuliwa kwa kibarua cha siku.

Vita vya Dawa na vya Madarasa

Kufikia mwaka 2000 dawa mseto za kupunguza makali ya virusi zilikuwa zimeugeuza Ukimwi katika nchi tajiri kutoka hukumu ya kifo hadi ugonjwa wa kuishi nao. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeweza kuuza dawa za aina hiyo hiyo, zisizo na jina la kampuni asilia, kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Mwezi huo huo Padre D'Agostino alitangaza nia ya Nyumbani kuagiza dawa kutoka India, ingawa sheria za hataza zilikuwa kizuizi. Kasisi mzee wa miaka 75 alikuwa tayari kushtakiwa. Kilichofuata ni mjadala mkali wa kitaifa, uliowashirikisha wanaharakati na wabunge wengi, na mwaka huo huo Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu. Si haki kumpa mtu mmoja sifa ya ushindi huo, lakini si haki pia kumsahau.

Mwezi Januari 2004 alikuwa Vatikani, katika mkutano na waandishi wa habari kuhusu ujumbe wa Papa Yohane Paulo wa Pili wa Kwaresima uliowahusu watoto. Wengi walitarajia maneno ya upole. Badala yake alizilaumu waziwazi kampuni kubwa za dawa kwa kuweka faida mbele ya uhai wa Waafrika, kwa maneno makali yaliyonukuliwa duniani kote.

Huku nyumbani vita vingine vilikuwa vikiendelea. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza nchini Januari 2003, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikuwa imepiga marufuku ubaguzi. Hata hivyo, watoto wa Nyumbani waliendelea kukataliwa katika shule za umma za Nairobi. Makao yalikwenda mahakamani, na mwanzoni mwa 2004 pande husika zikakubaliana kwamba watoto hao wapokelewe. Kesi hii ni ya msingi katika kuelewa uzima wa mtoto. Kwa mujibu wa maabara, mtoto aliyekuwa akimeza dawa vyema alikuwa na afya. Kwa mujibu wa mwalimu mkuu aliyemfungia lango, alikuwa maiti anayetembea. Hakuna kidonge kinachoponya jeraha la namna hiyo.

Kijiji cha Kitui na Mwisho wa Safari

Dawa zilipoanza kupatikana, tatizo jipya, na la furaha, lilizuka. Watoto waliotarajiwa kufa hawakufa. Walianza kubalehe, kuota ndevu, kupenda na kuuliza maswali kuhusu wazazi wao. Neno mtu mzima, ambalo halikuwa limehesabiwa katika mipango ya 1992, lilibisha hodi.

Wakati huo Ukimwi ulikuwa umewaacha nyanya na babu wengi bila watoto wa kuwatunza, na wajukuu wengi bila wazazi. Padre D'Agostino alibuni mpango wa kuwaunganisha. Alipata ardhi ya ekari 1,000 huko Kitui kutoka kwa baraza la kaunti la wakati huo, na humo kikaanzishwa Kijiji cha Nyumbani, ambapo bibi mmoja hukaa na watoto wapatao kumi katika nyumba moja, wakilima, wakifuga na kusoma, lengo likiwa kufikia watoto 1,000 na wazee 100. Kijiji kilianza kupokea wakazi mwaka 2006. Mwanzilishi wake hakukiona kikikomaa. Padre Angelo D'Agostino alifariki Nairobi tarehe 20 Novemba 2006 akiwa na umri wa miaka 80, na Sista Mary Owens akaendeleza kazi. Mwaka huo huo Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba dawa za kupunguza makali ya virusi zingetolewa bila malipo katika hospitali za umma.

Tathmini

Mwandishi wa wasifu hukabiliwa na kishawishi cha kumgeuza mhusika wake kuwa malaika, na katika bara letu kishawishi hicho huwa kikubwa zaidi mhusika anapokuwa mgeni aliyekuja kuokoa. Inafaa tukipinge. Kwanza, kazi ya kuamka usiku wa manane kumpoza mtoto mwenye homa ilifanywa na akina mama walezi, na kule Kitui na nyanya, ambao majina yao hayamo katika taarifa za habari. Pili, kuwatenga watoto wenye virusi katika makao yao wenyewe kuliokoa maisha, lakini kulihatarisha kuwapa alama mpya ya kutambuliwa. Mwelekeo wa sasa nchini, kama unavyobainishwa na Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto wa 2022 hadi 2032, ni kumrudisha mtoto katika familia na jamii. Ukizitazama hatua tatu za Padre, kutoka makao ya Karen hadi Lea Toto hadi Kijiji cha Kitui, utaona kwamba yeye mwenyewe alikuwa akielekea huko huko.

Tatu, kazi hiyo ilitegemea sana fedha za wafadhili wa ng'ambo, hasa Marekani. Uhaba wa dawa ulioikumba Kenya mwaka 2021, wakati shehena ilipokwama bandarini Mombasa, na kusitishwa kwa misaada ya nje ya Marekani mnamo Januari 2025, vilitukumbusha kwamba uhai wa mtoto wa Kawangware unaweza kuning'inia kwenye uamuzi wa mtu asiyejua Kawangware iko wapi. Vita alivyopigana mwaka 2001 havijaisha.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba D'Agostino alianza na uzima kwa maana ya uhai, kwa kukataa kwamba mtoto aachwe afe peke yake. Akaja kwenye uzima kwa maana ya afya, kwa kupigania dawa. Akafika kwenye uzima kwa maana ya ukamilifu, kwa kudai shule, jirani na familia. Akafariki akiwa mlangoni mwa maana ya nne, ile ya utu uzima, ambayo baadhi ya watoto aliowalea wamekwisha kuifikia bila yeye.

Kwa sisi tunaoshughulika na lugha, wasifu huu unatuachia kazi. Watoto hao sasa ni watu wazima, wanazungumza Kiswahili na Sheng, na wana masimulizi yao kuhusu yale waliyoitwa, waliyofichwa na waliyoyajua kabla ya kuambiwa. Masimulizi hayo hayajapata nafasi yake katika fasihi yetu. Aliyewatafutia nyumba hayupo, nasi tunadaiwa kuwatafutia maneno yasiyowalaumu.